Boila Ndogo na Mlezi Wake

Usiku wa kuamkia Alhamisi niliota nampeleka boila kliniki.

Kabla ya kufika huko niseme kwanza mimi ni nani. Naitwa Asajile, ingawa kazini wote huniita Baba Lugano. Huu ni mwaka wa kumi na moja nawasha boila ya hospitali moja ndogo huku milimani Rungwe, ambako mvua hunyesha miezi tisa, na mitatu inayobaki ni ya ukungu. Boila yetu inakula kuni na kutoa mvuke. Mvuke kidogo unakwenda jikoni, mwingi unakwenda chumba cha kufulia, kwa Mama Sekela. Yeye ndiye anayefua mashuka ya wodi zote, na amefika hapo miaka mingi kabla yangu.

Jumatatu ya wiki hiyo matroni alituita akatusomea barua. Wakaguzi wa mazingira watakuja Ijumaa. Zamani walikuwa wakikagua boila za viwanda vikubwa tu, sasa kanuni zimeshuka mpaka kwa boila ndogo, za hospitali, za shule, za viwanda vya mikate. Watatazama moshi, watatazama kuni, watataka kuona daftari la usafi. Boila isiyofuata kanuni itazimwa. Ya kwetu ikizimwa, mashuka ya wodi ya wazazi yatafuliwa kwa mikono, kwa maji ya huku kwetu ambayo hata Januari yanauma mifupa.

Mimi sikuwa na wasiwasi na daftari. Daftari langu ni zuri. Ndani ya boila kuna mabomba thelathini na sita ambamo moto hupita ili kuchemsha maji yanayoyazunguka, na mabomba hayo yanatakiwa kusuguliwa masizi kila Jumamosi. Ukifungua daftari utaona kila Jumamosi imeandikwa kwa wino wa bluu: Mabomba yamesafishwa. Chini yake sahihi yangu.

Shida ni kwamba mlango wa masizi, ule wa kuyafikia mabomba, sikuwa nimeufungua mwaka mmoja na miezi miwili. Jumamosi ya kwanza nilikuwa msibani, nikaandika nimesafisha ili ile nafasi isibaki wazi. Jumatatu boila ikawaka kama kawaida. Jumamosi iliyofuata mgongo ulikuwa unauma. Baada ya hapo sikuhitaji sababu.

Ila moshi ulianza kutoka mweusi. Masizi yakawa yanatua kwenye kamba za Mama Sekela, anaanua mashuka yana madoa kama ya nzi, anayarudisha kufua, na ili ayafue mimi naongeza kuni, na nikiongeza kuni moshi unazidi. Aliwahi kuhamishia kamba nyuma ya chumba cha maiti, ambako moshi haufiki. Wazazi wakakataa kulalia shuka lililotoka huko. Akazirudisha kamba mahali pake. Kwangu hakusema neno. Alinisalimia kila asubuhi, akapokea mvuke wake, akakohoa, akaendelea na kazi.

Basi, niliota naingia kazini na jua linawaka, jambo ambalo peke yake lilitosha kunishtua. Halikunishtua. Boila amesimama nje ya banda, amefungwa kitenge kiunoni. Kwenye mlango wake wa moto pamebandikwa karatasi yenye muhuri: Boila ndogo itafika mbele ya mkaguzi ikiwa na mlezi wake. Nasoma mara mbili. Naona ni kanuni, na haina ugumu wowote. Namshika bomba la mvuke, linakuwa mkono, lina joto la mtoto mwenye homa. Tunaanza safari.

Boila yetu ana tani mbili na nusu. Anatembea polepole, na kila akikanyaga, barabara inabonyea, kisha inarudi juu. Anamwamkia kila tunayekutana naye. Shikamoo kwa mama muuza ndizi. Shikamoo kwa dereva wa bodaboda ambaye hana hata ndevu. Dereva anaitikia marahaba na kupita. Namwambia boila kwamba yeye alifungwa pale hospitali kabla dereva huyo hajazaliwa, aache kumwamkia.

"Mimi ni mdogo," anasema. "Imeandikwa kwenye barua."

Mpaka hapo nilikuwa nikiendelea kumwita "hii" kichwani mwangu. Niliacha. Kitu kikishakujibu huwezi kukiita hivyo tena.

Kliniki iko ndani ya ofisi ya wilaya, na ofisi ya wilaya iko katikati ya shamba la chai, kwa hiyo tunapita tukiwaomba radhi wachumaji. Foleni ni ndefu. Mbele yetu yuko boila wa kiwanda cha mikate, ana unga mashavuni, amekuja na mwenye kiwanda. Mbele zaidi yuko boila wa shule ya bweni, na mwalimu mkuu anamfuta kutu kwa leso. Wa kiwanda cha mbao analia. Amesikia kuna sindano.

Zamu yetu inafika. Nesi anamvalisha boila kile kikaptula cha kuning'iniza watoto kwenye mzani. Kinamtosha. Anasoma mshale, anaandika kwenye kadi, anasema mtoto amezidi uzito, na uzito wenyewe uko kifuani. Ananiuliza kama anakohoa. Nasema sijawahi kumsikia. Anaandika na hilo.

Mkaguzi alikuwa miwani. Hapakuwa na uso nyuma yake. Ilikuwa miwani tu, imesimama hewani juu ya kiti cha kuzunguka, na chini yake tai ya kijani iliyofungwa vizuri. Niliiamkia, ikaniitikia, ikatuonyesha benchi. Iliuliza jina la mtoto, mwaka aliofungwa, na mlezi ni nani. Nikasema ni mimi. Ikauliza mtoto anakula nini.

"Kuni, mheshimiwa."

"Kavu?"

"Imeandikwa kavu."

"Nimeuliza habari za kuni," miwani ikasema. "Sijauliza habari za maandishi."

Boila akajibu kwa niaba yangu kwamba huwa anapewa mikaratusi iliyokatwa juzi, na kwamba inamkaa tumboni siku nzima inafoka povu. Alisema bila uchungu wowote, kama mtoto anayeulizwa walichokula nyumbani. Hapo ndipo nilipotamani kwa mara ya kwanza kuwa mahali pengine.

Miwani ikafungua daftari langu. Ilisifu mwandiko. Kisha ikasema kwamba kwa kuwa kila Jumamosi nimeandika nimesafisha, kilichobaki ni kuzisikiliza Jumamosi zenyewe. Ikagonga kengele.

Wakaingia Jumamosi sitini. Waliingia kwa mstari mmoja, wakajaza mabenchi, waliokosa nafasi wakasimama ukutani. Kila mmoja alikuwa amevaa alivyokuwa siku yake. Wengine walikuwa na suti na vumbi la harusi kwenye viatu. Kadhaa walikuwa na nguo za msiba. Mmoja alikuwa na jezi. Wengi, samahani kusema, walikuwa na shuka la kulalia na alama za mto shavuni.

Walitoa ushahidi mmoja mmoja. Wa jezi alisema nilikuwa naye uwanjani mpaka dakika ya mwisho, na timu yetu ilifungwa. Wa suti alisema nilisimamia jiko la pilau. Wenye shuka walisema wanakubaliana wote, ili kuokoa muda. Miwani haikukemea. Kila aliyemaliza iliweka alama kwenye daftari, na kila ilipoweka alama, maneno yangu ya bluu yalijiinua kwenye mstari, yakashuka mezani kwa miguu, yakaenda kusimama mlangoni yakisubiri kutolewa nje.

Jumamosi wa mwisho alikuwa mwembamba, amelowa mvua. Alisema siku yake nilifika kweli. Nilikuja na brashi na spana. Niliugusa mlango wa masizi, nikakuta bado una moto, nikasema nitangoja upoe. Nikakaa kwenye gogo. Nikatazama mvua. Kisha nikaondoka.

"Alikaa muda gani?" miwani ikauliza.

"Muda wa kutosha kupoa," Jumamosi akasema.

Boila aliniegemea begani kidogo, na benchi likavunjika.

Baada ya hapo ikaja zamu ya moshi. Kanuni inasema moshi utasomwa na mtu mwenye cheti cha kusoma moshi, na miwani ilikuwa nacho, ikakiweka mezani. Moshi wetu akaingizwa. Alikuwa amejifunika shuka jeupe la wodi mpaka kichwani. Akasema wamekosea mtu, yeye ni ukungu.

Miwani, kwa haki, ikaita ukungu. Ukungu wa Rungwe ukaingia bila kufungua mlango, ukamzunguka mara moja, ukamnusa, ukasema kwao hakuna mwenye harufu ya mikaratusi mibichi. Ukatuaga mmoja mmoja, ukarudi kwenye chai. Nesi akamvua moshi shuka. Alikuwa mweusi mpaka aliona aibu mwenyewe.

Akatandazwa ukutani ili asomwe. Nilidhani kusoma moshi ni kuangalia weusi wake tu. Kumbe alikuwa ameandikwa toka juu hadi chini, tena kwa mwandiko wangu. Miwani ikasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo.

Ilisoma kwamba Mama Sekela amefua mashuka ya wodi ya wazazi mara mbili siku ya Jumanne, na mara tatu siku ya Jumatano. Ilisoma kwamba anakohoa, na akitaka kukohoa sana hufungua bomba la maji kwanza, ili ng'ambo ya ukuta nisimsikie. Ilisoma kwamba mwezi Machi matroni alimwita kumuuliza madoa meusi yanatoka wapi, na Mama Sekela akajibu kwamba ni sabuni mpya, haisuuziki vizuri. Akaambiwa kazi yake imeshuka. Akasema ndiyo.

Nilisimama, nikasema hiyo sehemu sikuijua.

"Ndiyo maana inasomwa," miwani ikasema.

Hukumu ilikuwa fupi. Boila ni mdogo, hawezi kushtakiwa. Mlezi wake atatekeleza kanuni ya saba: moshi usivuke mpaka wa eneo la kituo. Niliuliza nitauzuiaje. Miwani ikasema kanuni haielezi namna, inaeleza tu usivuke. Ikagonga muhuri.

Ule mlio wa muhuri ulipoisha nilikuwa kwenye uwanja wa kuanikia, nyuma ya chumba cha kufulia. Sikuwa nimeinuka pale nilipokuwa. Dohani inatoa moshi, moshi unashuka badala ya kupanda, unajitandaza hewani vipande vipande, kila kipande na upana wa shuka la kitanda kimoja. Upepo unausukuma kuelekea kwenye uzio. Mama Sekela yuko pale, ana vibanio vya nguo mdomoni. Anavitoa.

"Shika ncha zako," ananiambia.

Nashika ncha mbili, yeye anashika mbili. Tunauvuta moshi unyooke, tunaukung'uta, tunasogeleana, namkabidhi ncha zangu, nainama kuchukua mkunjo wa chini. Tunarudi nyuma tena. Ni kazi ninayomwona akiifanya peke yake kila siku, kidevu kikiwa kimeshikilia upande wa pili, na sikuwahi kujua kwamba watu wawili huifanya kwa urahisi hivyo. Tunaweka mkunjo wa kwanza kapuni. Tunaweka wa pili. Kapu limeandikwa WAZAZI.

Tulikunja muda mrefu bila kusema. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kila nikipata neno, moshi mwingine unafika uziani, inabidi tuukimbilie. Mwishoni nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Kila siku nilikuanikia mbele ya mlango wako."

"Na matroni ukamwambia ni sabuni."

"Sabuni haina watoto wa kusomesha, Baba Lugano." Akakung'uta ncha zake. "Halafu usidhani ni kwa ajili yako tu. Wakiizima hiyo, mimi ndiye wa maji baridi. Hebu vuta, umelegeza."

Nikavuta. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini ndotoni neno hilo lilikuwa limetoka nje pamoja na yale maneno ya bluu, yalikuwa yamekaa juu ya ukuta yananiangalia. Kwa hiyo nikavuta tu, kwa nguvu nilizonazo.

Ndipo boila akaanza kukohoa. Alikuwa amekaa kwenye majani karibu na karo, na kikohozi chake kilikuwa kile kile cha Mama Sekela, kikavu, cha kutafuta pa kupumzikia na kukosa. Kila akikohoa, shuka jingine la moshi linatoka. Mama Sekela akaweka ncha chini. Akasema hatuwezi kukunja mpaka kesho ya keshokutwa, nikamtazame mwanangu kooni.

Nikamfuata. Nikamwambia afungue mdomo. Akafungua mlango wa masizi mwenyewe, kwa utii, akasema aaa. Ndani niliona mabomba yote thelathini na sita, safu kwa safu, na karibu yote yamejaa mpaka pamebaki tundu la kidole. Bomba moja lina upana wa ngumi. Naingia bila shida yoyote, mabega yote mawili, brashi mkononi.

Nasugua. Masizi yanadondoka kama unga wa kahawa, yanaingia puani, machoni, ndani ya kola. Mgongo unauma ndotoni sawasawa na unavyouma nikiwa macho. Naendelea. Boila anaendelea kusema aaa, sauti yake inapita kwenye bomba na kunitetemesha meno. Nilianza na la pili kutoka kushoto, safu ya juu, kwa sababu ndilo nililoliona kwanza. Nasugua mpaka brashi inatoa mlio wa chuma. Natokea upande wa pili, najipangusa uso.

"Leo ni Jumamosi?" boila akaniuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua ukwaruzo kidogo sana.

"Hapana. Ni Alhamisi."

"Basi andika Alhamisi."

Nikapeleka mkono kuchukua kalamu, nikashika pua ya mke wangu. Akauondoa mkono wangu, akanigeuzia mgongo. Kulikuwa kumekucha.

Sikunywa chai. Nilifika hospitali kabla ya saa kumi na mbili na nusu, boila bado iko baridi tangu jana yake. Nilichukua spana nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa masizi. Nati zote sita zilikuwa zimeshikwa na kutu, na juu ya kutu kulikuwa na rangi ya fedha tuliyopaka Krismasi, haijapasuka popote. Nilizimwagia mafuta ya taa, nikagonga kwa nyundo, nikangoja, nikagonga tena. Mlango ulipofunguka, masizi yalimwagika mpaka juu ya viatu.

Nikawasha tochi. Mabomba yalikuwa kama nilivyostahili kuyakuta. Mengine yalikuwa na tundu la kidole, mengine hayakuwa na tundu kabisa.

Nyuma yangu nikasikia ndala za Mama Sekela. Alikuja na kapu lake, kama anavyokuja kila asubuhi kuuliza mvuke utakuwa tayari saa ngapi. Nikamwamkia. Nikamwambia mvuke leo utachelewa, na wazazi watavumilia mpaka mchana. Nikamwambia pia kwamba nikimaliza hapa naenda kwa matroni, kumweleza kwamba madoa hayatokani na sabuni na hayajawahi kutokana na sabuni, na wakaguzi wakija kesho nitawaonyesha zile Jumamosi zilizo za uongo.

Kisha akaweka kapu chini taratibu.

"Nani alikuambia habari za sabuni?"

Nilisogea pembeni nikampa tochi. Akainama, akamulika ndani. Mwanga ulipita juu ya mabomba meusi, ukasita kwenye safu ya juu, ukarudi kidogo. La pili kutoka kushoto lilikuwa jeupe, limesuguliwa mpaka chuma, na ndani yake mwanga wa tochi ulipita wote.

Mama Sekela alilitazama kwa muda. Akauliza hilo moja limesafishwa lini.

"Usiku," nikasema.

Akanirudishia tochi. Akaokota brashi sakafuni, akaigonga kwenye ukuta kuitoa masizi, akanipa.

"Basi haya mengine," akasema, "usiyangojee usingizi."